Kisu Alichopewa Ermes Bure

Elda Siega alikuwa na miaka sitini na sita, na bado meza ya karibu na dirisha ilikuwa yake. Pensheni alishaanza kuipokea miaka sita nyuma. Siku aliyostaafu walimpa keki, maua na saa ya ukutani, akashukuru, akavibeba vyote nyumbani. Kesho yake saa mbili asubuhi akarudi karakanani, akajifunga aproni, akakaa. Livio, mwenye karakana, alimtazama, akakohoa, akaenda zake. Wakati Livio anazaliwa, Elda alikuwa ameshakaa kwenye meza ile miaka kumi, na kamasi za Livio amezifuta yeye. Sasa mtu utamfukuzaje mwanamke aliyekufuta kamasi?

Maniago ni mji wa visu. Wengine huko wanafua chuma, wengine wanasaga, wengine wanapika bapa la kisu motoni mpaka likubali. Elda alikuwa mfungaji. Yeye ndiye aliyepokea bapa, springi, kitufe, mabati ya shaba na vipande vya pembe vya mpini, vitu visivyojuana, akavifanya viwe kisu cha kufyatuka: ukibonyeza kitufe, bapa linaruka nje lenyewe na kujifunga kwa mlio mmoja mkavu. Wanaume wa mji walijisifia kusaga, wakafanya kelele nyingi vilabuni kuhusu mikono yao. Lakini kisu kisipofungwa vizuri, bapa lako zuri litabaki ndani limelala, na sifa zako nalo.

"Kisu kizuri husema mara moja," Elda alikuwa akiwaambia wanaojifunza. "Kikisema mara mbili, kifungue upya. Usinibishie, sikiliza."

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1998, manyunyu tangu alfajiri. Livio aliingia na mwanamke wa kama miaka arobaini, koti limelowa, mkoba kaubana kifuani.

"Shangazi, huyu katoka Argentina," alisema Livio. "Ana kisu kibovu. Nimemwambia kimekwisha, achukue kipya, nitampunguzia bei. Hataki. Anasema mpaka amwone Elda wa dirishani. Kumbe umaarufu wako umevuka bahari na mimi sijui."

Mwanamke aliweka mkoba chini, akainamisha kichwa. "Mungu akupe siku njema, shangazi. Na nyumba yako ikae salama."

Elda akamwangalia vizuri. Salamu ile hakuwa ameisikia tangu mama yake azikwe. Mwanamke amepaka rangi ya mdomo, amevaa viatu vya kisasa, na kinywani mwake mna lugha ya kwao Maniago, Kifriuli cha bibi kizee wa zamani, kile kilichopanda meli na kukaa ng'ambo bila kubadilika.

"Anaongea kama nyanya yangu," Livio alicheka.

"Nyanya yako aliongea vizuri kuliko wewe. Hebu tuone hicho kisu, binti."

Kilikuwa kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kukaushia vyombo. Kitambaa kilikuwa bado hakijafunguka chote. Pembe nyeusi ilipochungulia, ikiwa na mstari mweupe uliokatiza mpini mshazari, Elda aliuwekea kidole. Ile pembe aliijua. Angeipapasa gizani angeitambua.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Ermes Centis. Naitwa Graciela."

"Aa," alisema Elda. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, ingawa ilikuwa safi.

Ermes Centis alikuwa mtengeneza mipini, meza ya pili kutoka ya Elda, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Kila aliyepita alimtania kwamba siku moja nyundo itakosea njia. Siku hizo Ermes alikuwa na miaka ishirini na minne, Elda ishirini na mmoja. Uchumba wao haukuwa na pete. Ulikuwa wa maneno, na maneno yenyewe mengi yalihusu vyumba viwili juu ya duka la mkate: nani atalala upande wa ukuta wenye joto la tanuri. Lakini mwaka huo wa 1953 kazi ilikuwa haba, na ami yake Ermes kule Argentina akaandika kwamba huko kuna kujenga nyumba mpaka mtu achoke. Ermes akasema anakwenda miaka miwili. Wote walisema miaka miwili. Mji mzima ulikuwa na wanawake wa kungoja miaka miwili.

Elda alimfungia kisu, baada ya saa za kazi, kwa pembe ambayo Ermes mwenyewe aliichagua kwa sababu ya ule mstari. Akampa stesheni, treni ikiwa imeshafika. Na hapa ndipo yalipoharibika, maana kisu hakitolewi bure. Mtoto wa miaka mitano Maniago analijua hilo. Ukimpa mtu kisu, naye akupe sarafu, hata ndogo kuliko zote, ili iwe amenunua. Kisu cha bure hukata kilichopo kati ya aliyetoa na aliyepokea. Elda alinyoosha kiganja, akingojea. Ermes akapokea kisu kwa mkono wa kulia, akajipapasa, akatoa mifuko nje mmoja baada ya mwingine mpaka ikaning'inia kama masikio ya mbwa.

"Sina hata moja, Elda," alisema akicheka. "Utanidai."

Mama yake Ermes alisimama palepale na pochi mkononi. "Nikukopeshe, mwanangu?"

"Ya kukopa haihesabiki, mama."

Filimbi ikalia. Treni ikaondoka, na Elda akabaki na kiganja wazi, hakina kitu. Alirudi nyumbani akamweleza mama yake, na mama akaacha kukoroga sima.

"Umempa kisu bure? Umemkata kwa mkono wako mwenyewe, mtoto wewe."

Barua zilikuja saba mwaka wa kwanza, tatu mwaka wa pili, moja mwaka wa tatu. Baada ya hapo ikaja habari tu, kwa mdomo wa mama yake Ermes, kwamba kijana ameoa kulekule Argentina, mji wa Colonia Caroya, msichana wa watu wa huku waliohamia zamani. Elda alilia wiki nzima, akaenda kazini kila siku ya wiki hiyo.

Miaka miwili baadaye aliolewa na Gino, msagaji. Nisije nikamdhulumu Gino: alikuwa mume mwema, na Elda alimpenda. Siku ya harusi Elda alimpa kisu cha mfukoni, na Gino, kabla hajakigusa, akapiga sarafu mezani kwa kishindo mbele ya wageni wote. "Mimi nalipa taslimu," alisema, "nisije nikakatwa na mimi." Watu walicheka. Elda naye alicheka, akajua kwamba Gino anajua. Aliishi naye miaka thelathini na miwili, akamzika, akamlilia kilio cha kweli.

Lakini kulikuwa na swali, na swali halikuzikwa. Lilimjia akiwa amebana kisu kwenye jiliwa, akiwa anamenya viazi, hata kanisani. Je, ni yeye aliyekata, kwa haraka yake na ujinga wa miaka ishirini na moja? Au Ermes alitaka kukatwa, ndiyo maana alitoa mifuko nje na kucheka? Kijana anasafiri kwenda ng'ambo ya dunia, atakosaje hata lira moja? Ama kosa lake au hila ya Ermes. Alikuwa amelibeba hilo miaka arobaini na mitano, na hakupata mtu wa kumuuliza.

"Baba yako," Elda alimuuliza Graciela, "alikufa lini?"

"Hajafa, shangazi. Mapafu ndiyo yamechoka. Akitoka kitandani mpaka dirishani anapumzika kama aliyepanda mlima."

Elda akairudisha miwani machoni. Alivuta kiti cha pili kwa mguu, akamwonyesha akae. Furaha ilimjaa ghafla mpaka akaona aibu, mwanamke mzima, mjane, anafurahi kiasi kile mbele ya mtoto wa watu.

"Anasema ufungue wewe tu," alisema Graciela, "na mimi nisiondoke mezani mpaka umalize."

"Anaogopa nitamwibia?"

"Hakusema anaogopa nini."

Elda akabonyeza kitufe. Bapa lilitoka nusu, likasita, kama mzee anayeinuka kitini na kukumbuka magoti yake. Alimalizia kulivuta kwa vidole, akalielekeza dirishani. Kwanza ni kutazama. Wasiojua hukimbilia nyundo.

Akaosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Kutoka kwenye ufa wa mpini ukatoka uchafu wa kijani-kahawia, vumbi la majani.

"Chai yenu ile ya kibuyu," alisema.

"Anakunywa hapohapo dirishani, kisu mapajani."

Bapa lilipotakata, Elda alilisogeza karibu na macho. Ubavuni mwake kulikuwa na mistari myembamba ya jiwe la kusagia, imeegemea upande mmoja, na karibu na ncha mstari mmoja umepanda juu kabla ya wakati. Gino alikuwa na tabia hiyo ya kuinua mkono mapema akifika nchani. Msimamizi alimkaripia miaka yote na hakuiacha. Elda aliigusa ile mistari kwa ukucha. Chuma cha kisu kinachotumika hunolewa, na kikinolewa mistari ya msagaji hufutika. Hii ilikuwepo yote.

"Hili bapa alilisaga mume wangu," alisema, "kabla hajawa mume wangu. Na halijawahi kukata kitu. Hata kamba."

"Nyama anakatia kingine. Hiki ni cha kufungua na kufunga tu." Graciela alitabasamu kidogo. "Kila siku baada ya chakula cha mchana. Tak. Anakifunga. Tak. Tangu nikiwa mdogo. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anamwambia, 'Ermes, unamwita nani hapo?' Baba anasema, 'Siiti mtu, nafanyia mazoezi kidole.'"

Livio alicheka. Elda hakucheka. Alikuwa ameinamia kitufe, kimelika mpaka kimekuwa laini kama kokwa la tunda lililonyonywa. Tundu la kwenye shina la bapa, pale pini ya kitufe inapoingia kulishikilia, lilikuwa duara alipolitoboa yeye. Sasa limekuwa la umbo la yai. Springi ilikuwa imechoka kabisa. Haya hayaletwi na miaka peke yake. Yaliletwa na kidole kilichobonyeza mara elfu na elfu na elfu nyingine. Elda alihesabu kichwani mwake siku za miaka arobaini na mitano, akaacha kabla hajafika mwisho.

Akakigeuza apate kuondoa pini. Visu vya namna ile havina skrubu. Pini hupigwa kichwa kwa nyundo, na ukitaka kufungua lazima ukikate kichwa kwa tupa, uisukume nje, ufunge upya kwa pini mpya. Kwa hiyo kisu hakifunguliwi kwa siri. Aliyewahi kukifungua ameacha mkono wake. Upande wa kulia pini zilikuwa za shaba, kila moja imepigwa mara tatu na kulainishwa kwa mzungusho mmoja. Hizo zilikuwa zake. Upande wa kushoto zilikuwa vipande vya msumari wa chuma, vimepigwa vikalalia upande, kama apigavyo mtu wa mkono wa kushoto.

"Nani alifungua hiki?"

"Baba."

"Lini?"

"Kabla mimi sijazaliwa."

"Akitafuta nini? Kilikuwa hakina ubaya."

Graciela alitazama mikono yake. "Wewe endelea tu, shangazi."

Elda akachukua tupa. Vichwa vya misumari vilianguka mezani kimoja kimoja. Akaweka kisu kwenye jiliwa, akasukuma pini nje kwa kijiti cha chuma na nyundo ndogo, akaingiza ukucha chini ya pembe, ikainuka.

Ndani ya pembe, upande ule usioonekana, kulikuwa kumechongwa kitanda cha duara, safi kabisa, kazi ya fundi wa mipini. Ndani ya kitanda ililala sarafu. Lira moja, zile nyepesi za alumini, yenye picha ya mizani, ya mwaka 1951. Imefifia ikawa rangi ya majivu.

Mvua iliendelea kunyesha dirishani. Livio aliinama aone, akafungua mdomo, na kwa mara moja katika maisha yake akaufunga bila kusema.

"Nani kaiweka hii?" aliuliza Elda, ingawa hakuna mwingine wa kuiweka.

Graciela alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Argentina. "Alisema nisitamke neno mpaka uulize. Sasa umeuliza. Alisema nikwambie hivi: 'Nilikuwa nayo. Stesheni nilikuwa nayo kiganjani, nimeibana kwa vidole viwili wakati natoa mifuko. Wewe uliangalia mfuko, hukuangalia mkono.'"

"Kwa nini?"

"Alisema: 'Ningekulipa, kisu kingekuwa changu na wewe hunidai kitu. Tungekuwa tumemalizana. Mtu mwenye deni lazima arudi.'" Graciela alikuwa akiyasema kama aliyekaririshwa, na bila shaka alikaririshwa. "Baadaye akaificha humo, asije akaipoteza akihama kibanda hiki na kile."

Elda aliweka nyundo chini taratibu.

"Mjinga," alisema. "Mjinga wa kushoto yule. Mama yangu amekufa anajua nilimkata mwanaume kwa mkono wangu. Mimi nimezeeka najua hivyohivyo. Kumbe alikuwa anacheza na vidole. Kwa nini hakuandika? Barua kumi na moja ameniandikia, ananieleza bei ya matofali, ananieleza mbwa wa ami yake. Neno moja hili limemshinda?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema angeandika, isingekuwa deni tena, ingekuwa hadithi."

"Na mbona hakurudi?"

"Nauli. Halafu wadogo zake wakaja, wakahitaji pa kukaa. Halafu mama. Halafu mimi na kaka yangu. Sidhani alimpenda mama kidogo, shangazi, sitaki nikudanganye."

"Wala usinidanganye. Hata mimi sikumpenda Gino kidogo."

"Kila Krismasi akinyanyua glasi alisema, 'Mwaka ujao.' Hatukuwahi kumuuliza mwaka ujao kuna nini."

Hasira ya Elda ilikuwa ya kweli, na chini yake kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichomfanya ageukie dirisha. Hakumkata. Hakuna aliyekatwa. Miaka yote ile upande wa pili wa bahari kulikuwa na mtu anabonyeza kitufe alichokitia yeye, kwenye springi aliyoipinda yeye, anamngojea naye akingojewa. Alitamani kurudi stesheni ile dakika moja tu, si kumzuia, bali kumshika kile kiganja cha kushoto na kukifungua.

"Sasa daktari amemwambia ajiweke tayari," alisema Graciela polepole. "Ndiyo maana kanituma. Anataka kulipa. Anasema hataki kuondoka duniani na deni la watu."

"Dawa ya deni kulipa, shangazi," Livio alidakia, maneno yamemrudia. "Chukua lira yako. Siku hizi haikupatii hata pipi, lakini haki ni haki."

Elda aliitoa sarafu kitandani mwake kwa ncha ya kisu kidogo, akaiweka kiganjani. Haikuwa na uzito hata wa kifungo cha shati. Alikaa nayo hivyo, kiganja wazi, na Graciela akamwangalia kama mtu anayesubiri padri amalize sala. Kilichobaki kilikuwa kufunga vidole tu. Ermes angepumzika. Naye angekuwa na lira ya kuweka kwenye droo, pamoja na ile ya Gino.

Akasema, "Niacheni nifanye kazi kwanza."

Akaiweka sarafu pembeni, juu ya kitambaa. Akafungua kopo la biskuti ambamo aliweka springi za zamani, akachagua moja, akaipima kwa kuipinda kwa kidole gumba, akairudisha, akachagua nyingine. Mabati ya shaba akayasugua kwa msasa laini mpaka yakang'aa kama mapya. Lile tundu la yai akalitoboa upya kidogo, akalitengenezea pini nene zaidi. Kitufe hakukibadilisha. Livio alimpa kipya, akakisukuma kando. Mafuta akatia tone moja kwenye egemeo la bapa kwa ncha ya sindano, tone moja tu, maana kisu kilicholoweshwa mafuta hukusanya vumbi kama godoro, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Akakibana kwa pini za kujaribia, akabonyeza. Tak-ka.

"Kimesema mara mbili," alisema Graciela, maana naye mlio aliujua.

Elda alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa ufundi mwenzake. "Masikio ya baba yako." Akakifungua tena, akapunguza springi kwa tupa, unywele tu, akakibana tena.

Tak. Bapa likasimama nje lote, na mwangwi wake ukagonga vioo.

Hapo ndipo alipochukua sarafu. Graciela alijikunjua kitini, akatabasamu, akijua sasa itaingia mfuko wa aproni. Elda aliifuta kwa kitambaa pande zote mbili, akailaza kwenye kitanda chake ndani ya pembe, mizani juu, akafunika kwa bati la shaba.

"Shangazi, umesahau..."

"Sijasahau."

Akapenyeza pini mpya za shaba. Akapiga ya kwanza: moja, mbili, tatu, na mzungusho. Ya pili. Ya tatu. Hakuna aliyesema kitu mpaka alipomaliza, kwa sababu hakuna anayesema na mtu aliyeinua nyundo.

"Mwambie sipokei kwa mjumbe," alisema Elda. "Alipokea kwa mkono, alipe kwa mkono. Aje mwenyewe."

"Shangazi." Graciela alikuwa na machozi. "Hawezi kupanda ndege. Hawezi hata kushuka ngazi."

"Najua."

"Atakasirika."

"Akasirike. Mtu mwenye hasira hafi upesi. Mwambie Elda amesema deni halijaoza, na yeye hana ruhusa ya kwenda popote."

Livio aligeuka akaanza kupanga visanduku vilivyokuwa vimeshapangwa. Graciela alijifuta uso, akakichukua kisu, akakiangalia upande wa kushoto, pale penye pini tatu zinazong'aa, akacheka kicheko cha machozi. Kisha akaingiza mkono mkobani. Elda alidhani anatafuta kitambaa, lakini alitoa pochi.

"Basi kazi yako..."

"Rudisha hiyo. Huko kwenu saa hizi ni saa ngapi?"

Graciela aliangalia saa ya mkononi, akahesabu kwa vidole. "Mchana. Saa saba. Ameshakula." Alisita. "Ameshaketi dirishani. Kaka aliniambia kwa simu, wiki hizi mbili baada ya chakula mkono wa baba unatafuta-tafuta mapajani, kisu hakipo, mpaka anaukalia ili utulie."

Elda alikitwaa kisu tena, akalifunga bapa, akavuta kizuizi cha kitufe kisije kikafyatuka njiani. Akakiviringisha kwenye kile kitambaa cha vyombo, vizuri, kuanzia kwenye ncha ya mpini, akamwekea Graciela mkononi na kumkunjia vidole juu yake kimoja kimoja.

"Basi usikawie," alisema. "Mpelekee."